Vestina na Ufunguo wa Mnara

Vestina alilinda mnara wa simu wa Mwese kwa miaka tisa. Alifyeka majani, aliwafungulia mafundi geti, na mvua za mfululizo zilipolegeza betri za sola, aliwasha jenereta. Kampuni ya Simu Mashinani ilimlipa kila mwisho wa mwezi. Februari mwaka huu haikumlipa. Machi nayo ikapita kavu.

Siku moja alikuwa anachambua maharage na mumewe, Gervais, redio ikatangaza kwamba Simu Mashinani imepata faida mara mbili ya mwaka jana, baada ya kuuza minara yake yote. Mkurugenzi alisema kampuni sasa ni nyepesi.

"Nyepesi!" Vestina akasukuma ungo. "Kumbe mzigo wao ulikuwa mimi."

Akapiga simu ya huduma kwa wateja. Akabonyeza moja, akabonyeza nne, akasikilizishwa muziki mpaka sikio likawaka. Mwishowe binti mmoja akamwambia walinzi wote wamehamia kwa mnunuzi. Akampigia mnunuzi, kampuni ya Dar es Salaam.

"Mama, sisi tumenunua minara," bosi wa huko akamjibu. "Vyuma, betri, jenereta. Watu hawamo kwenye mkataba."

"Na ufunguo ninao mimi. Nimpe nani?"

"Endelea kukaa nao tu."

"Kwa mshahara wa nani?"

Simu ikakatika.

Angeweza kuondoka. Lakini alikuwa amesaini kwamba kila kitu ndani ya uzio kiko mikononi mwake, na jenereta ikiibiwa atakayetafutwa ni yeye. Akapanda bodaboda hadi Mpanda, safari ya kuumiza mgongo, kwenda kurudisha ufunguo. Ofisi ya zamani ya Simu Mashinani imekuwa duka la magodoro. Kwenye kona amebaki Emelyne, aliyekuwa karani wao, anauza laini za simu.

"Dada, nipokelee hii kitu, unisainie."

"Nisaini? Ikipotea hata nati moja huko wanikamate mimi? Hapana, mama."

Akarudi na ufunguo wake.

Aprili mawingu hayakuachia, dizeli ikaisha, mtandao ukafa. Mwese nzima ikahamia uani kwake. Makoye, wakala wa pesa za simu, alifoka kana kwamba Vestina amezima kwa mkono wake.

"Nyie mnanipigia kelele mimi?" naye akafoka. "Kamuulizeni aliyepata faida!"

Siku ya tatu Innocent, fundi wa kampuni iliyonunua minara, akafika na pikapu yenye dizeli.

"Mama, fungua."

"Jina langu limo kwenye karatasi zako?"

Innocent akapekua. "Halimo."

"Basi mimi si mlinzi. Pokea ufunguo, usaini mbele ya mtendaji."

Innocent akatoa simu ampigie bosi wake, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mtandao wa kupigia ndio huo aliokuja kuuwasha.

Mtendaji wa kijiji, Yotham, akaja na muhuri. Wakahesabu betri, kufuli, mapipa, jenereta. Vestina hakuruka hata kibao cha onyo. Innocent akasaini, akawasha jenereta. Dakika chache baadaye simu yake ikaita. Ni yule bosi wa Dar es Salaam; Innocent akamweleza yaliyotokea, akampa Vestina.

"Mama, nani amekuruhusu uache kazi?" bosi akauliza.

"Kazi ipi, baba? Si ulisema watu hawamo?"

Yule bosi akaguna, kisha akaahidi kutuma mkataba.

Mkataba ulifika Julai. Kurasa tatu za Kiingereza, mshahara umepunguzwa theluthi, na juu kabisa jina la kampuni ambalo Vestina hajawahi kulisikia.

"Na hawa ni nani tena?" akamuuliza Innocent aliyeuleta.

"Minara ya Katavi imeuzwa upya, mama. Hata mimi nimeambiwa juzi."

Vestina alikuwa amechoka hata kufoka. Akamrudishia karatasi zake bila kusaini.

Ile miezi aliyofanya kazi bila malipo, kila kampuni inasema ni deni la mwenzake. Amepeleka malalamiko kwa afisa kazi Mpanda, na mara mbili ameitwa akakuta walalamikiwa hawakutokea. Safari ya pili Gervais alimwambia aachane nao, nauli inazidi kuliwa. Vestina alimuuliza kama anataka kwenda yeye badala yake, kwa sababu yeye Vestina hakusudii kuacha.