Makopo ya Mutie

Ukitaka kujua ujinga wa Mutie wa Kangemi, Nairobi, muulize mwenyewe. Atakusimulia kabla hujapata kiti. Miaka ishirini aliwachorea watu vibao vya maduka, kuanzia sokoni Kangemi hadi Adams Arcade. Vinyozi, mabucha, mafundi wa meno, wote waliupenda mkono wake. Presha ya macho ilipomwanza alikataa kwenda hospitali, eti mtu mwenye mwandiko kama wake hawezi kuwa kipofu. Alipokubali kwenda, giza lilikuwa limeshaingia.

Dada yake Nzula akapiga simu kutoka Makueni. Anakuja Jumamosi kumchukua, amlishe na kumfulia. Mutie alimpenda dada yake, lakini alijua huko atakalishwa kivulini mpaka siku ya kufa. Wakabishana, mwishowe wakapatana: akimkuta anajipikia bila kushikwa mkono, abaki Kangemi. Akishindwa, nguo ziingie begini.

Sasa hapo ndipo penye aibu. Hata alipokuwa na macho yote mawili, Mutie hakuwahi kujichemshia maji.

Alifundishwa na Nanyama, mwalimu anayewazungukia wasioona majumbani. Alimwonyesha jinsi ya kuwasha meko, kusikiliza maji yakichemka, na kuweka kidole kwenye ukingo wa kikombe ili chai isifurike. Makopo nayo ayavalishe mipira myembamba ya kufungia: mmoja kwa sukari, miwili kwa chumvi, mitatu kwa majani ya chai.

Mipira! Mutie alikasirika. Yeye aliyeandikia nusu ya Kangemi, aanze kufunga mipira kama mtoto wa nasari? Alhamisi asubuhi akatoa brashi zake, akayaandika yale makopo kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Majirani walikuja kuangalia, wakaapa kwamba hakuna mstari uliopinda. Kichwa kikamvimba.

Nanyama alipofika aliyageuza makopo moja moja.

"Fundi, hii kazi ni safi," akasema. "Sasa nipatie chumvi."

Mutie akanyoosha mkono. Akapapasa kopo la kwanza, la pili, la tatu. Yote yalikuwa bati laini.

"Uliandikia nani?" Nanyama akauliza.

"Wateja," Mutie akajibu, akacheka hadi akaketi sakafuni. Kicheko kilipoisha akakumbuka Jumamosi, na hofu ikamshika vibaya.

Mtu mwingine angetafuta mipira. Mutie alitafuta gundi ya mbao. Juu ya kila kopo akachora herufi moja nene, akaiongeza gundi mara tatu, na kufikia Ijumaa ilikuwa imekauka na kusimama, kidole kinaisikia.

"Mipira ingechukua dakika moja," Nanyama akamwambia.

"Najua, mwalimu. Lakini mipira haina mwandiko."

Nzula alifika Jumamosi saa sita na begi tupu, akaketi bila kutoa neno. Mutie akasonga ugali, akakaanga sukuma, akajichoma kidole gumba na kujifanya hakuna kilichotokea. Akapakua mbele ya dada yake. Nzula akatafuna polepole.

"Hii mboga haina chumvi. Chumvi iko wapi?"

"Hapo kwa meza, dada. Imeandikwa."

Mutie hakusikia kopo likiguswa. Mutie alitamani ardhi ipasuke immeze. Karo ya nyumbani ilisomesha wavulana tu. Nzula hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Barua, dawa, ujumbe wa simu, yote husomewa na watu.

Mutie akaupapasa mkono wa Nzula, akakishika kidole chake na kukiweka juu ya kopo. "Hii imejikunja kama nyoka ni sukari. Hii imeachwa wazi upande mmoja ndiyo chumvi."

Kidole cha Nzula kilizunguka ile herufi mara moja, kikarudia.

"Miaka sitini na mbili," akasema taratibu, "naona hizi vitu kila mahali na sijui zinasema nini. Nimelima, nimelea watoto watano. Na hakuna mtu amewahi kuja kunichukua na begi."

Mutie akasikia begi likikunjwa, kisha kiti kikilia Nzula alipolikalia.

"Wewe baki," akasema. "Lakini nionyeshe tena ile ya chumvi, kwa sababu hii sukuma yako hailiki."