Sauti Nne Nilizoziita Zangu

Miaka ya sabini nilikuwa katekista Ushirombo. Redio ilitaka muziki mfupi mchangamfu, usio na maneno, wa kufungulia kipindi cha wakulima. Nikatunga wa sauti nne tu za ngazi ya muziki, nikaifundisha bendi ya misheni. Mtangazaji alipokuja kuurekodi, nilitia sahihi mbele ya waumini kwamba nimeutunga mwenyewe, nikamshukuru Mungu kwa kipaji.

Bendi ilipoanza, akina mama wakaudaka na kuuimba kwa Kisukuma, mikono ikipanda na kushuka kama wanalima.

“Mama Kulwa, mmeujulia wapi?” nikamuuliza jirani yetu mzee.

Akacheka. “Mwalimu nawe! Si wimbo wa jembe wa marehemu mama yako? Tuliuimba naye shambani, wewe ukisinzia mgongoni mwake!”

Mtangazaji akaitazama sahihi yangu. Wino ulikuwa haujakauka.