Ua la Ndulele na Ndugu Zangu wa Jumapili

Wazee wa Makina, leo nimemnyamazisha Mama Wanjiru, mwenye ploti ninapopanga hapa Kabiro. Kisha akaninyamazisha yeye.

Mama Wanjiru alikuwa aking'oa ndulele uani. Nikamwambia, "Pole pole mama, huyo ni ndugu ya nyanya."

Akacheka. "Otieno, wewe na uongo wako!"

Uongo? Mimi niliyembebea mzungu wa mimea mizigo msituni mpaka chui wakanizoea?

Nikachuma ua la ndulele, la nyanya, la kiazi na la managu, ile mboga ya mnavu, nikayapanga kwenye karai. Rangi mbalimbali, lakini kila moja ni nyota ya ncha tano, na katikati mdomo wa njano.

Akayaangalia sana. "Kweli, hawa ni watu wa nyumba moja."

Nilijiona profesa, nawaambia!

Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote: "Na wewe? Miaka mitatu hapa, sijaona ndugu yako hata mmoja."

Nikasema wanakuja Jumapili. Mdomo wangu mnaujua.

Akasema atawapikia chapati.

Sasa naomba mmoja wenu aje. Kabila si neno. Mradi tufanane pua kidogo, maana huyu mama nimeshamfundisha kuangalia.