Zamu Yangu ya Kupalilia

Nilirudi Karatu mwanzoni mwa miaka ya themanini, titi la kushoto likiwa limekatwa hospitalini Dar es Salaam. Daktari alinieleza kwamba wameondoa saratani yote waliyoweza kuiona, ila nirudi kupimwa. Majirani walishika neno moja tu, saratani, na hakuna kati yao aliyewahi kumwona mtu aliyeipona. Mimi pia sikuwahi.

Kijijini kwetu wanawake tulipalilia kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na ukishapaliliwa lazima uende kwa wenzako wote. Aliyekosa bila sababu alisemwa mpaka nje ya kanisa.

Asubuhi moja, ukungu wa Ngorongoro ukiwa bado umelala mashambani, walikuja kwangu na majembe. Walipalilia mahindi na mbaazi mpaka wakamaliza, wakakataa hata uji. Nililia kwa shukrani. Kisha nikawaona wakipita kwenda mashamba mengine, siku baada ya siku, na hakuna aliyeniita. Ndipo nikaelewa. Hawakutegemea niirudishe kazi ile. Walinifanyia kama tunavyoifanyia nyumba yenye msiba.

Nikachukua jembe, nikaenda shambani kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Wenzetu walikuwa wakipalilia kwake siku hiyo; wifi aliponiona akaja kunizuia.

“Wifi, rudi ukapumzike.”

“Nimepumzika Dar es Salaam.”

“Na huo mkono je?”

“Mkono upo. Mnaonichelewesha ni nyinyi.”

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Nikashika mstari wangu. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba tangu nilipokatwa titi. Wenzangu walifika mwisho mimi nikiwa katikati. Wifi akanijia kwa nyuma. Nilidhani ataninyang’anya jembe. Akainama, akang’oa magugu niliyoyaruka kwenye mashina ya mahindi, akanionyesha.

“Kwako ndivyo unavyopalilia? Haya si yataota tena? Rudia!”

Kabla ya kuugua, maneno kama hayo yangenikaa rohoni wiki nzima. Nilikuwa mtu wa kupima shamba la nani ni refu kuliko langu, na nani kanisema nini. Siku ile nilirudi mwanzo wa mstari nikarudia, shina kwa shina, na hakuna aliyekuja kunisaidia. Mkono uliniuma sana. Sikujua kama mwakani ningekuwepo.

Jioni wifi aliniambia kesho ni shamba la nani, na nisichelewe.