Binti Aliyekuwa Kufuli

Mama Vikopo hakusomea malezi. Miaka tisa aliuza mitumba kwenye lango la soko, kisha akapanga chumba kimoja, akakijaza makopo, maboksi na mashuka yaliyochakaa, akaanza kulea watoto wa watu waendao kazini. Ikifika saa nne anawaachia uwanja: anayetaka udereva aendeshe, anayetaka ugonjwa alale. Vyeo hagawi yeye.

Siku moja meneja fulani alimfuata bintiye mapema, akamkuta kasimama wima mbele ya hospitali ya maboksi, mikono kaipanua, mdomo kaufumba.

"Huyu kawa nani?"

"Kufuli," alijibu Mama Vikopo, akikunja mashuka.

"Wenzake madaktari, wangu kufuli? Kesho nimkute daktari."

"Kachagua mwenyewe. Simbadilishi, dada."

Meneja alitabasamu kiofisi. "Wanne humu ni watoto wa watu wangu kazini. Nikiondoka, siondoki peke yangu."

Mama Vikopo alilijua hilo. Watano wakitoka, chumba kinafungwa. Ila alijua na jingine: mtoto huyu alikuja hasemi na mtu, michezo ikimpita kando, hadi alipojifanya kufuli. Tangu hapo hakuna daktari wala mgonjwa aliyepita bila kumbembeleza. Mtu aliyekaa langoni miaka tisa anaijua thamani ya nafasi hiyo.

"Fanya utakavyo," alisema. "Kufuli linabaki."

Begi la binti lilikuwa ndani ya hospitali, limekuwa mto wa mgonjwa. Meneja akainama kulichukua. Binti hakusogea.

"Pamefungwa, mama."

"Toka hapo!"

"Ufunguo anao nesi, shangazi," mgonjwa alimsaidia.

Nesi, wa miaka mitatu, alikuwa kashika kifuniko cha soda. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote!"

"Basi hupati."

Meneja alimgeukia Mama Vikopo. "Mwambie!"

"Hata mimi huwa naomba."

"Kichwa," meneja akasema kwa shida. Akapewa kifuniko, akakizungusha tumboni kwa bintiye. "Krak!" Mikono ikashuka. Akabeba begi, akamvuta mtoto, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake watoto watano hawakuonekana. Mama Vikopo akatandaza makopo vilevile, akawaachia waliobaki.

Siku ya nne meneja alirudi na bintiye, macho mekundu kwa uchovu.

"Kila asubuhi anasimama mlangoni kwetu, hatutoki. Nafasi ipo?"

"Ya chumbani ipo. Ya kufuli ina mtu. Akajadiliane mwenyewe."

Meneja alifumbua mdomo, Mama Vikopo akamkazia macho, akaufumba.

Binti alilizunguka kufuli jipya, akalikagua juu mpaka chini.

"Huna komeo," akasema. "Wezi watasukuma."

Kufuli likafikiri. "Basi kaa hapa."

Wakasimama bega kwa bega, mikono imepanuliwa.

"Na wale wanne?" aliuliza Mama Vikopo.

"Kesho," meneja akamjibu, akimpa begi.

"Sawa," akasema, akalipokea begi.