Kambi Arobaini na Mbili

Cyriaque alikuwa mtu wa maneno machache, hata katika karakana ya fremu za picha kule Hockley, ughaibuni, wenzake walizoea kumsahau akiwa amesimama mbele yao. Miaka kumi na moja alikata mbao na vioo pale kwa "ndiyo" na "tayari". Desturi yao ilikuwa kwamba aliyemaliza kazi huandika jina lake kwa penseli nyuma ya fremu. Yeye aliandika C tu, ndogo kama sisimizi.

Kanisani Lozells, mtaa wa jirani, hata hivyo, alikuwa na sifa yake. Zile sura za majina matupu, ambazo wasomaji wengine huzikimbia, alipewa yeye azisome. Shule aliishia darasa la sita kule kwao Walungu, lakini majina ya Maandiko yalimtiririka bila kukwama.

Jumanne moja Bi Audrey, mwalimu mstaafu, alileta karakanani ramani ya Nchi Takatifu iliyochapwa Uholanzi miaka mia tatu na hamsini iliyopita. Mchoraji aliweka mashariki juu, kwa hiyo bahari ilikaa chini na merikebu zake na samaki wa Yona. Makabila kumi na mawili yalipakwa rangi, kila moja na yake. Upande wa kulia, jangwani, njia ya wana wa Israeli ilijipinda kutoka Misri, na hema dogo kila walipopiga kambi. Upande huo ndio ulioliwa na panya. Ulikuja ndani ya bahasha, vipande hamsini na kitu, vingine vidogo kama kucha.

Jagjit, mwenye karakana, alivimwaga mezani akatikisa kichwa.

"Haiwezekani. Tutaukata upande huu, yabaki makabila. Kesho saa tatu nitampigia yule mama. Hivi vitaenda pipani."

Cyriaque aliinamia kipande kimoja. Kilatini, lakini herufi alizijua: Lebna. Kingine: Ressa. Libna na Risa! Kambi hizo alikuwa amezisoma madhabahuni, zote arobaini na mbili, moja baada ya nyingine. Alifungua mdomo, akaufunga.

Nyumbani, mkewe Nabintu, mama wa mtoto wao Aganze, alimsikiliza huku akisonga ugali.

"Papa Aganze, weye! Watu wa jangwani unawaita wote kwa majina, na Jagjit mmoja anakushinda? Sisi wenyewe tulipita kambi tatu za wakimbizi. Mtu akikuambia ya pili haikuwapo, utanyamaza?"

Asubuhi Jagjit alikuwa ameshika simu.

"Ngoja," Cyriaque akasema.

"Heh! Leo ukuta umesema!"

"Naijua njia yao. Nipe siku mbili."

Jagjit akaiweka simu chini.

Cyriaque alianzia Ramesesi. Alisoma orodha kwa sauti ya chini, Sukothi, Ethamu, Mara, Elimu, na kila jina likaita kipande chake. Alivibandika juu ya karatasi nyembamba kwa gundi ya unga wa ngano, akivisogeza kwa ncha ya kibano. Wenzake waliacha misumeno wakaja kutazama. Alhamisi jioni njia ilifika uwanda wa Moabu. Kambi moja tu haikupatikana, Rithma. Jagjit alimshauri achore hema jingine, nani atajua? Cyriaque alikataa. Aliacha karatasi tupu pale.

Bi Audrey alipokuja, aliifuata njia kwa kidole juu ya kioo, polepole, hadi penye weupe.

"Na hapa?"

"Rithma, mama. Panya wamekula. Lakini walipita hapo."

Yule mama alivua miwani, akaifuta. "Nani ameifanya kazi hii?"

Jagjit aligeuza fremu, ambayo nyuma yake ilikuwa bado tupu, akachomoa penseli sikioni mwake na kumpa Cyriaque.

Akaandika bila haraka, kwa herufi kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo: CYRIAQUE MUSHAGALUSA CIRHUZA.