Sista Aliyetuficha Msiba

Sisi tuliokulia Katindiuka, hapa Ifakara, wakati lami ilikuwa kitu cha kusimuliwa na watu waliofika Morogoro, tulikuwa watoto wenye kazi. Mpunga ukianza kuiva, siku nzima tulishinda kwenye dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kazi yetu ilikuwa kupiga kelele. Ndege wakitua unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, unaimba maneno ambayo nyumbani ungechapwa kwa kuyatamka. Ikifika Jumapili sauti zimetukauka, kwaya ya watoto inaimba kama vyura wa masika. Leo nikimtuma mwanangu wa mwisho dukani, hatua mia mbili, ananiuliza kama hakuna bodaboda wa kuleta. Huyu ndiye angelinda ndege? Ndege wangemlinda yeye.

Na chakula je? Tulikula wali kwa kambale wa kukaushwa, wali unaonukia mpaka jirani anajua umeepua. Siku hizi hapahapa, katika bonde linalolisha watu mchele mpaka huko mijini, vijana wetu wanapanga foleni kununua chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya juzi, wanazipiga picha kabla ya kula. Sijui picha hiyo wanamwonyesha nani. Labda daktari.

Lakini leo nataka kusimulia habari za mtu mmoja, kwa sababu naona siku hizi neno mmisionari limekuwa rahisi kama soda.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu, palikuwa na nyumba ya masista, na ndani yake aliishi Sista Leonarda, aliyetoka Austria. Alifika mimi bado sijaanza shule, hajui Kiswahili. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza alimkuta baba yangu njiani, akawahi kumwambia "Marahaba!" kabla hajaamkiwa. Baba alicheka wiki nzima. Sista alipoelezwa kosa lake, aliona haya kiasi kwamba mwaka mzima uliofuata alimpa shikamoo kila aliyekutana naye, hata sisi tunaotokwa na kamasi. Tulikuwa tunajificha njiani makusudi ili tuamkiwe na mtu mzima.

Maisha yake tuliyajua kama yetu. Alfajiri kengele inalia, tunawasikia masista wanaimba. Jua halijawa kali, Sista Leonarda yuko barabarani na baiskeli yake nyeusi, mizani ya kupimia watoto imefungwa kwenye keria, rozari imezungushwa kwenye usukani. Akifika kitongojini, anatundika mizani kwenye boriti la nyumba yoyote, akina mama wanapanga mstari. Mto ukifurika na njia kuwa tope, baiskeli ndiyo inayobebwa mabegani. Siku moja nilimuuliza kama Mungu anamsikia mtu anayesali huku anaendesha baiskeli. Akasema, "Huko ndiko anasikia zaidi, kwa sababu naogopa kuanguka."

Na hakukosa msiba. Akifa mtu Katindiuka, mkubwa au kichanga, Sista Leonarda alikuja, akavua viatu, akakaa na wanawake. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, alikaa na mama siku mbili akimshika mkono. Mama yangu, ambaye sifa hakuwa akizitoa ovyo, alisema, "Yule naye ni mtu."

Nilipokuwa darasa la nne, kila Jumamosi nilikwenda kwa masista kumwagilia bustani ya mchicha. Malipo yangu yalikuwa stempu. Tulikuwa tunakusanya stempu enzi hizo, tunazibandika kwenye daftari kuukuu na kuringishiana, na mwenye stempu za Ulaya alikuwa mfalme. Sista alikuwa akipata barua kutoka kwao, ananikatia kona ya bahasha.

Jumamosi moja nikaona mezani kwake bahasha nyeupe yenye mstari mweusi pembeni pande zote. Niliipenda sana. Nikamwomba stempu yake. Sista alichukua mkasi, akakata polepole, akanipa, halafu akasema kwa sauti ileile ya kuniambia ndoo iko wapi, "Hii ni barua ya mama yangu kufa."

"Lini, Sista?"

"Barua ina wiki tatu. Mama ana miezi miwili."

Kisha akatoka nje kujaza upepo baiskeli.

Nilikimbia nyumbani na stempu mkononi. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilipomwambia, ungo ulisimama. Akahesabu kwa vidole: wiki tatu zile Sista alikuwa amepima watoto wetu, amecheka nasi, amekuja kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, amekula wali wetu. Nilidhani mama angelia. Alikasirika. Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba, na kesho yake baada ya misa wanawake wote walimpita Sista Leonarda mlangoni mwa kanisa kana kwamba ni nguzo. Yeye alibaki amenyoosha mkono.

Jumatatu asubuhi mama alijifunga kanga, akavuka barabara. Nilimfuata nyuma. Sista alikuwa barazani anafunga mizani yake.

"Tumsifu Yesu Kristu, Mama Edita," akasema, akimwita kwa jina langu.

"Habari," mama akajibu.

Aliyekulia kwetu anajua. Ukimjibu sista "habari" badala ya "milele amina", umekuja kwa vita.

"Mama Edita, nimekosa nini? Jana hamkunisalimia."

"Umelia na sisi misiba yetu yote," mama akasema. "Mama yangu umemlilia. Leo umefiwa wewe, unapanda baiskeli. Umetuona sisi siyo watu?"

Sista akaniangalia mimi, nikaangalia chini. "Hapana," akasema. "Mpunga unaiva. Ndege ni wengi. Nilifikiri, mna kazi. Na kwetu mtu anafunga mlango, analia peke yake chumbani. Nilifunga mlango. Nikampa Mungu."

"Mungu umempa, vizuri. Na sisi majirani umetupa nini?"

 Sista alishika kamba ya mizani, akaanza kuikaza tena. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sijui naanza wapi."

"Unaanza kwa kukaa chini," mama akasema.

Akamvua viatu yeye mwenyewe. Akafungua kanga yake ya pili, akamfunga Sista kiunoni juu ya ile kanzu ya kisista, akanituma nyumbani nilete mikeka. Nilipokuwa navuka barabara nilisikia sauti ya ajabu nyuma yangu, kama mtu aliyepaliwa na maji. Ni Sista Leonarda alikuwa analia. Hakujua kulia, maskini. Alilia vibaya, kwa kukohoa, na sisi watoto tuliokuwa tumekusanyika tulitaka kucheka, tukafinywa mmoja mmoja mpaka tukalia na sisi.

Kufika mchana baraza ilikuwa imejaa. Kila mwanamke alikuja na chake, mchele, kuni, samaki wa kukausha. Wanaume walikaa nje wakiongea kwa sauti ya chini. Alikuja hata mama mmoja wa Kisukuma, ambaye yeye na mumewe walikuwa wamehamia karibu na mto na ng'ombe wao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na kanisani kwetu hakuwa anasali. Mtoto wake alikuwa amekonda sana mwaka uliotangulia, na Sista alimfuata kila wiki na ile mizani mpaka akanenepa. Mama yule aliweka kibuyu cha maziwa ya mgando mbele ya Sista, akakaa kando yake kutwa nzima bila kusema neno.

Saa sita kengele ikalia. Mama mkuu wa nyumba ya masista, Mzungu mrefu aliyetembea kama anapima sakafu, akasimama mlangoni.

"Sista Leonarda, ni saa ya sala."

 Sista akataka kuinuka. Mama yangu akamwekea mkono begani.

"Tunasali hapahapa, Mama Mkuu," akasema. "Karibu mkekani."

Mama Mkuu hakukaribia. Aligeuka akaingia ndani, na wanawake wakaanza rozari.

Ilikuwa siku tatu. Siku ya pili wakamuuliza huyo marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na Sista akasimulia, kwa Kiswahili chake chenye kona. Mama yake alikuwa na ng'ombe wawili na shamba la viazi mlimani. Alikuwa mkali. Hakutaka binti yake aje Afrika. Siku ya kuondoka alikataa kumsindikiza, akabaki zizini anakamua maziwa. Miaka miwili hakujibu barua. Ya kwanza aliyojibu aliuliza jambo moja tu: huko mnakula nini?

"Ukamwambia nini?" mama akauliza.

"Nilimwambia, wali. Akaandika, hicho si chakula."

Wanawake waliangua kicheko, msibani kweupe, na Sista akacheka nao huku machozi yanamtoka. Ndipo mimi nilipoona sura yake imerudi.

Siku hizo tatu hakuna aliyekwenda kulinda ndege. Mashamba ya Katindiuka yalikaa wazi, yenye mpunga unaoiva, na kila mtu alijua. Upande mmoja wa shamba letu ndege hawakuacha kitu. Mwaka ule tulikula mihogo mapema kuliko kawaida, na sikumsikia mama akinung'unika hata mara moja.

Sista naye alilipa kwa namna yake. Mama Mkuu alimwita, akamwambia ameacha sala za jumuiya siku tatu kwa mambo ya kienyeji, na kwamba angeandika barua ahamishwe. Sista mwenyewe alimsimulia mama mambo haya, wamekaa jikoni kwetu wanachambua mboga.

"Aliniuliza, siku tatu umesali wapi? Nikasema, kwenye mkeka. Akasema, ile siyo sala. Nikamwambia, Mama Mkuu, nilipofunga mlango nilimwambia Mungu asante, asante, na nilikuwa namdanganya. Kwenye mkeka nilimwambia nimekasirika. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza tangu barua ije."

Tulikaa miezi tukiogopa kila gari linalosimama pale ng'ambo. Barua ya uhamisho ilikuja kweli, ila ilimhamisha Mama Mkuu. Mpaka anaondoka hakutusalimia tena zaidi ya kutikisa kichwa, na sisi hatukumsindikiza. Nadhani tulikosea, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sista Leonarda alibaki miaka mingi, mpaka miguu ikakataa baiskeli na shirika lake likamrudisha kwao. Mama alikuwa ameshatangulia. Sista alikaa siku zote za matanga, na alilia vizuri kuliko sisi wenyewe.

Sasa tazama leo. Nyumba ile ya masista imekuwa hosteli ya wageni, ina geti na mlinzi. Mwaka jana walikuja wamisionari vijana watano, wa kanisa fulani huko ng'ambo. Wamisionari! Wiki tatu. Walipaka rangi ya bluu ukuta wa shule ambao wenzao wa mwaka juzi waliupaka kijani. Waliwarekodi watoto wetu wakiruka-ruka, wakatugawia fulana zenye maandishi, wakaimba kwa vipaza sauti kwamba wameiletea Ifakara nuru. Kengele ya kanisa letu ilikuwa inalia wakati huohuo, lakini nadhani hawakujua ni ya nini. Kila jioni walikuwa wanaongea na mama zao kwenye simu, wanawaonyesha mbu.

Na wenyeji wao, yaani sisi, tunawafaa. Siku hizi mtu akifiwa, kundi la simu linajaa vipicha vya viganja vilivyobanwa, kila mtu anabonyeza viwili vitatu, na kabla marehemu hajafika makaburini mtu ameshaweka tangazo la mbegu za mpunga. Binti yangu mkubwa alinitumia pole kwa simu nilipofiwa na kaka yangu. Alikuwa chumba cha pili.

Nilikuwa nawacheka sana wale vijana watano, na majirani walipenda nilivyokuwa nawaigiza wanavyosema "jambo". Wiki yao ya mwisho, mchana, nilikuwa barazani nachambua mchele. Ng'ambo ya barabara, upande wa uzio usio na geti, mmoja wao, binti wa nywele fupi, alikuwa amekaa chini peke yake, simu imelala mapajani. Alikuwa analia. Nilimwona, na yeye aliniona. Nikajiambia, ana wenzake, ana simu, watambembeleza wa kwao, na Kiingereza chenyewe nakijua cha darasani. Nikapandisha sauti ya redio.

Enzi zile mama yangu angeshavuka barabara. Angegombana naye kwanza, maana hakujua njia nyingine, halafu wangekaa chini wote wawili. Kesho yake asubuhi vijana wale walipanda basi wakaenda zao, na mpaka leo sijui binti yule alikuwa analilia nini.